Kuvuta bango kwa ndege ndogo: mambo yanayoonekana kutoka chini

Vijana wetu wanaokuja Florida kusomea urubani hukwama mahali pamoja. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo wanaipata wakiwa na saa 250 hivi za kuruka, halafu wanaambiwa kwamba shirika kubwa la Marekani kwa kawaida halimkalishi mtu kwenye kiti cha rubani kabla hajafikisha 1,500. Saa zilizobaki lazima zitafutwe, na kazi mojawapo inayompokea rubani mchanga bila maswali mengi ni kuvuta mabango ya matangazo kando ya fukwe: bima ya gari, bia, tamasha la Jumamosi, na siku nyingine mtu anayemwomba mpenzi wake waoane.

Mimi si rubani. Ni mtu wa Malindi, nimezeekea kwenye nyasi za kiwanja kidogo huku kusini mwa Florida. Kazi yangu ni kusimamisha nguzo, kuunga herufi, kutandaza kamba na kuikodolea macho ndege inapokuja kuchukua bango. Vijana huniita Anko. Nikiwa pale chini naona kile ambacho rubani hakioni, yaani tumbo na mkia wa ndege yake mwenyewe, na hatari nyingi za kazi hii hukaa huko huko. Kama umepewa kazi hii, au mdogo wako amekupigia simu akisema ameipata, soma kwanza.

Kazi yenyewe

Ndege haipai na bango. Bango linalazwa kwenye nyasi, herufi moja baada ya nyingine, kila moja ya kitambaa chepesi chenye kimo cha futi 5 hivi, zikiwa zimeungwa kwa vijiti. Mbele kabisa kuna mlingoti wenye uzito upande wa chini ili bango lisimame wima likiwa hewani. Kutoka kwenye mlingoti huo inatoka kamba ndefu, na ncha yake ni kitanzi kikubwa kinachotundikwa juu ya nguzo mbili zilizosimama kama goli la mpira.

Rubani anapaa na ndege tupu. Akishakuwa juu anatupa kulabu nje ya dirisha, kulabu inaning'inia nyuma na chini kwa kamba yake. Anazunguka, anashuka hadi karibu na nguzo, kulabu inapita katikati na kunasa kitanzi. Papo hapo anainua pua na kuipa injini nguvu zote, na bango linabanduka ardhini kuanzia mbele kwenda nyuma. Akimaliza safari anarudi, analiachia juu ya nyasi, na kama kuna tangazo jingine anatupa kulabu ya pili.

Ndege zenyewe ni za zamani. Utakuta Piper Super Cub ya nguvu-farasi 150, au Piper Pawnee, ambayo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kunyunyizia dawa mashambani. Umri peke yake haunitishi. Kinachonitisha ni ndege ambayo hakuna anayejua mara ya mwisho mkia wake uliangaliwa lini.

Kabla ya kupaa, anzia mkiani

Kitu cha kwanza ni kifaa cha kuachia. Kiko mkiani, na kinafunguliwa kwa mpini ulio karibu na rubani. Mmoja akae ndani, mwingine ashike kamba nyuma ya ndege na kuivuta kwa uzito wa mwili wake wote, kisha wa ndani avute mpini. Jaribio la kufungua kifaa kisicho na mzigo halina maana, kwa sababu kifaa kinaweza kufunguka vizuri kikiwa kitupu na kikagoma kikivutwa. Ukibeba kulabu tatu, jaribu zote tatu. Vijana wengine hujaribu moja tu, wakaniambia nyingine "ziko vilevile". Sizitundikii kitanzi ndege za namna hiyo.

Cha pili ni njia ya kamba ya kulabu. Inatoka mkiani, inapita nje ya ubavu wa ndege, inaingia dirishani. Ipapase kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, usiridhike kuitazama kwa mbali. Super Cub ina waya zinazoshikilia kibawa cha mkia, na kamba ikipitishwa upande usiofaa wa waya hizo, au juu ya kibawa badala ya chini, kila kitu kitaonekana shwari hadi dakika kulabu itakapotupwa. Hapo itajifunga kwenye kibao kile kile kinachopandisha na kushusha pua.

Kamba nayo ina umri wake. Jua la huku huila nailoni hadi inakuwa kavu na inatoa unga ukiisugua kwa vidole. Ikifika hapo, ikate vipande ili mtu mwingine asiiokote na kuirudisha kazini.

Ndani ya ndege, kulabu ziwekwe mahali ambapo haziwezi kuteleza na kuingia chini ya pedali. Ni vyuma vyenye ncha. Sina zaidi kuhusu hilo.

Sekunde chache za nguzoni

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Nguzo zielekee upepo unakotoka, na mbele yake kusiwe na miti, nyaya wala paa. Zenyewe ziwe nyepesi, za kuanguka au kuvunjika zikiguswa. Bomba la chuma lililochimbiwa chini ni upumbavu, nami nimeliona.

Mtu wa chini na rubani wakubaliane maneno ya redioni kabla injini haijawashwa. Sisi tunatumia matatu tu: imenasa, umekosa, achia. La tatu halina mjadala. Rubani akilisikia anavuta mpini kwanza, kuuliza kutafuata baadaye.

Baada ya kutupa kulabu, rubani asije moja kwa moja. Apite kwanza juu ya uwanja bila kushuka sana, nami niitazame kulabu: inaning'inia chini na nyuma ikiwa huru, haijashika gurudumu, haijashika waya wa mkia, kamba haijajisokota. Nikisema iko sawa, ndipo azunguke kuja kuchukua. Wakubwa wa kampuni hawaupendi mzunguko huo wa ziada, unakula mafuta. Mimi naudai.

Sasa anakuja. Kasi yake ni kubwa kuliko ya kutua, kwa sababu kasi hiyo ndiyo atakayoigeuza kuwa kimo mara tu kulabu itakaponasa. Anapita juu ya kitanzi, magurudumu yakiwa juu yake kabisa, kulabu ikiwa chini. Anavuta, pua inapanda kwa mwinuko mkali, bango linaanza kubanduka. Ndege inapanda na kasi inashuka haraka, na wakati huo huo kila herufi inayoinuka inaongeza ukinzani wa hewa. Mambo hayo mawili yanakutana juu kidogo ya miti. Kama pua bado iko juu pale bango zima linapoondoka ardhini, mbawa zinaacha kubeba, ndege inastoli, na chini hakuna kimo cha kujiokoa. Kwa hiyo pua ianze kushushwa kabla herufi ya mwisho haijaacha nyasi. Rubani mgeni husubiri asikie bango likimvuta, na akilisikia tayari amechelewa.

Kosa jingine ninaloliona mara nyingi ni kugeuka nyuma. Ni tamaa ya kibinadamu, unataka kujua kama umenasa. Lakini shingo ikigeuka, mkono huifuata, na mguu huusukuma usukani wa mkia bila mtu kujua. Ndege iliyoinua pua, yenye kasi ndogo, ikisukumwa upande, haistoli tu, inazunguka. Usigeuke. Kuna mtu chini analipwa kukuambia. Tazama mbele, tazama kipimo cha kasi, sikiliza redio.

Ukikosa, panda, zunguka, rudi. Ukikosa mara ya tatu, achia ile kulabu juu ya nyasi, tua, unywe maji. Joto la Julai ndani ya ndege isiyo na kipoza hewa hufanya mtu aanze kushuka chini zaidi kila mara ili "safari hii asikose", na magurudumu nayo yanazidi kusogelea kitanzi.

Hilo la magurudumu ndilo baya kuliko yote. Kitanzi kikinaswa na gurudumu badala ya kulabu, mpini wa kuachia hausaidii. Utaachia kulabu, bango litabaki. Mtu wa chini aseme wazi kilichonaswa na mahali kilipo, bila kupayuka. Rubani aendelee kushika nguvu ya injini, mbawa ziwe sawa, asikate kona kali, apande taratibu hadi kimo cha kutosha kujaribu jinsi ndege inavyomtii. Kisha achague kiwanja chenye nyasi ndefu na mbele peupe, ashuke kwa mteremko mkali kuliko kawaida. Kinachovutwa kinaning'inia chini na nyuma yake, kwa hiyo ndege inaweza kuuvuka uzio salama na bango likaukamata. Hayo yazungumzwe mezani kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Pale juu si mahali pa kuyabuni.

Mfano wa mkia kuzongwa uko wazi kwa kila mtu. Tarehe 6 Mei 2010, siku ya uchaguzi wa Uingereza, mwanasiasa Nigel Farage alipanda ndege aina ya Wilga katika kiwanja cha Hinton-in-the-Hedges, Northamptonshire, ivute bango la chama chake cha UKIP. Bango lilizonga mkia na ndege ikaanguka. Yeye na rubani walitoka hai wakiwa wameumia. Watu huikumbuka picha ya Farage mwenye damu usoni. Mimi najiuliza abiria alikuwa anatafuta nini mle. Huko Montreal tarehe 2 Oktoba 2021 ilianguka Cessna 172 iliyokuwa imevuta bango la ombi la ndoa, na aliyekufa alikuwa abiria. Vibali vya kuvuta bango vya Marekani vinataka ndani wawemo tu wahudumu wanaohitajika kwa kazi. Mteja akikupa pesa ili apande apige picha, mrudishie.

Ukiwa juu ya maji

Sheria ya Marekani inataka futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi ukiwa juu ya mahali penye watu wengi, na juu ya bahari wazi usikaribie mtu, chombo au jengo kwa chini ya futi 500. Droni zinaruhusiwa kufika futi 400. Fanya hesabu: mtu mwenye droni anayetii sheria yuko futi 100 tu chini yako, na asiyetii yuko popote. Ongeza miavuli inayovutwa na boti, helikopta za polisi, na wenzako wa kampuni nyingine wanaopita ufukwe ule ule.

Mwelekeo nao una hatari yake. Bango linasomeka upande mmoja tu. Mtu aliyekaa kwenye mchanga wa Miami akitazama Atlantiki anaona herufi sawasawa pale tu ndege inapokwenda kushoto kwake, yaani kaskazini. Ikirudi kusini, maneno yamepinduka. (Tungekuwa tunaandika kwa herufi za Kiarabu, kama barua za babu zangu, ingekuwa kinyume chake.) Ndiyo maana ndege zote za mabango zinagombea msitari ule ule wa kwenda kaskazini, karibu na ufukwe. Kubalianeni redioni nani yuko wapi na kwa kimo gani, na anayerudi kusini akae mbali zaidi baharini.

Kona ziwe pana, na zikatwe kuelekea baharini, kamwe zisielekezwe kwenye maghorofa. Kasi ya kuvuta haiko mbali sana na kasi ya kustoli, na ndege inayolala upande inahitaji kasi zaidi ili ibaki hewani. Kijana anayekaza kona ili asilipite tamasha anaila akiba hiyo yote kwa ajili ya watu ambao wangemwona tu dakika tano baadaye.

Injini inafanya kazi ngumu katika hali mbaya: nguvu nyingi, mwendo mdogo, na ni injini inayopozwa kwa hewa. Hewa ikipita kidogo, silinda zinachemka. Kipimo cha joto la mafuta ya kulainisha kitazamwe kila mara, na kikipanda usingoje kifike kwenye alama nyekundu, peleka bango nyumbani. Mafuta ya kuendeshea hesabu kwa saa ya mkononi, kwa sababu vipimo vya ndege hizi hudanganya, na unapovuta mzigo injini inakunywa kuliko kile kitabu kinachosema kwa safari ya kawaida. Ukivuta kwa maili 55 kwa saa na upepo wa mbele ni 25, nyumbani kumesogea mbali sana. Unapopunguza nguvu ili ushuke, kumbuka hewa ya Florida ina unyevu mwingi na barafu hujengeka ndani ya kabureta hata kukiwa na joto. Vuta mpini wa hewa moto ya kabureta kwanza.

Mawingu ya mchana wa kiangazi usiyangoje yakujie. Upepo wa bahari kutoka pande mbili za rasi hukutana na kuyapandisha haraka, na mbele yake huja kishindo cha upepo ambacho ndege yenye bango haiwezi kukikimbia.

Injini ikizimika

Achia bango. Hilo ni la kwanza, kabla ya redio na kabla ya kutafuta chanzo. Bango ni breki, na ukiwa futi 500 una sekunde chache za kuteleza. Kama uko juu ya maji, liangukie maji. Pua chini, kisha chagua. Mchanga uliojaa watoto si uwanja wa ndege. Julai 2023 huko Hampton Beach, New Hampshire, rubani wa ndege ya bango alishuka baharini karibu na waogeleaji, akatoka bila kuumia na hakumgonga mtu.

Lakini ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa hupenda kupinduka ikigusa maji. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe mwilini, la kujazwa hewa ukishatoka nje, kwa maana likijaa ndani litakubana mle mle usiweze kutoka. Mlango au dirisha lifunguliwe kabla ya kugusa maji. Mikanda ikazwe, na mkono ujue tayari mahali kufuli lake lilipo.

Utakutana na bosi atakayekukumbusha bei ya bango kila ukitoka. Mwache aseme. Bango hushonwa upya, na herufi A ziko gunia zima kule stoo.

Kuliachia uwanjani, na sisi wa chini

Pita dhidi ya upepo, ukiwa juu vya kutosha bango lisiguse uzio wala nyaya, liachie nilipokuonyesha. Kulabu na kamba yake vitaanguka pamoja na bango, na ule mlingoti wa mbele wenye uzito unashuka kwa kasi, kwa hiyo hatutaki mtu wala gari upande unaopeperushiwa na upepo. Ukiwa na kulabu inayoning'inia ambayo haikunasa kitu, iachie nayo kabla hujatua.

Kwa wenzangu wa nguzoni: usisimame ndani ya kitanzi, usiruke kamba wala kuikanyaga ndege ikishaanza kuja, usizungushe kamba mkononi hata kama umevaa glavu. Kaa pembeni, mbali na msitari wa bango lote, uso ukiielekea ndege. Propela inayozunguka haina rafiki. Na viatu viwe vya kufunika mguu, chungu wa moto wa Florida wanaweza kukufanya urukeruke wakati ule ule unaotakiwa kusema "achia".

Kabla hujakubali kazi

Nenda kiwanjani siku moja bila kuvaa sare, ukae nyasini utazame. Hesabu mizunguko yao, tazama kama kuna mtu anayetazama kulabu. Uliza nani atakufundisha kuchukua bango, na kama utaanza kwa kitanzi kitupu kisicho na herufi. Uliza rubani wa mwisho aliyeachia bango baharini alifanywa nini. Omba kuonyeshwa kibali: kuvuta bango Marekani kunahitaji kibali maalumu cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, chenye masharti yaliyoandikwa. Yasome mwenyewe masharti hayo, uone ndege utakayopewa imo, na kwamba mahali pa kuchukulia bango ni pale pale palipotajwa.